Maua ya Atupele

Usiku ule nililala na udongo kwenye kucha. Si kawaida yangu. Hata nitoke shambani nimechoka namna gani, huwa natia maji ya moto kwenye beseni na kujisugua vidole kimoja kimoja. Lakini siku ile nilikuwa nimegombana na mwanangu, na mtu aliyegombana na mwanawe hana hamu ya beseni. Nikajitupa kitandani na kanga ya kazi, nikavuta blanketi mpaka masikioni, maana kwetu Rungwe kipupwe kikiingia hakibishi hodi. Baba wa watoto wangu alikuwa ameshalala zamani, amegeukia ukutani. Nikafumba macho na hasira zangu, nazo zikanisindikiza mpaka ndani ya usingizi.

Niseme kwanza tuligombania nini, la sivyo ndoto yenyewe haitaeleweka.

Ilikuwa mchana, nami niko nyuma ya nyumba kwenye maua ya Atupele. Atupele ni binti yangu, kifungua mimba. Alikuwa mwalimu Njombe, na likizo moja alishuka kwenye basi amekumbatia kikapu cha vipande vya mizizi, minene kama tangawizi, imejaa matope. Akasema, "Mama, haya ni maua. Yanaitwa airisi." Nikamwambia nimesomesha mwalimu ili aniletee mizizi badala ya sukari. Alicheka mpaka akakaa chini. Akayapanda kwa mkono wake, na baadaye yakachanua, zambarau iliyokolea yenye ulimi wa njano, watu wakawa wanasimama barabarani kuyatazama. Neno airisi liliwashinda wengi mdomoni, kwa hiyo kijiji kizima kiliyaita maua ya Atupele.

Kisha Atupele akafa. Aliugua masika ikiwa inaelekea mwisho, na hata haijaisha sawasawa tukawa tumekwenda kumchukua Njombe akiwa kwenye sanduku. Sitaki kusema zaidi ya hapo. Huu ni mwaka wa tatu, na tangu siku zile maua yake hayajachanua hata moja. Yanatoa majani tu, marefu kama mapanga, yanabanana, yanapata madoa ya kahawia na kulala chini.

Na si kwamba siyatunzi. Nayatunza kuliko viazi vyangu. Kila mvua ikiosha udongo na ile mizizi ikabaki juu, wazi, mimi huchukua jembe nikaipandishia udongo kama tunavyofanya viazi huku kwetu, tuta juu ya tuta, mpaka isionekane. Mkulima wa viazi akiona kitu kimetokeza ardhini mkono wake hautulii. Na kuna jambo jingine. Ile mizizi ikilala nje vile, imepauka, ina vifundo, mimi huona mifupa. Siwezi kuitazama.

Ndivyo nilivyokuwa nikifanya Ipyana alipokuja. Ipyana ni mdogo wake Atupele. Watoto wangu ni hao wawili tu. Anakaa ng'ambo ya bonde na mkewe, Sekela, ambaye alijifungua mtoto wa kike masika hii. Mpaka siku ile mtoto hakuwa na jina. Walimwita Mdogo, na mchungaji alikuwa ameanza kuuliza amwandike nani kwa ajili ya ubatizo.

Ipyana hakukaa. Alisimama kando ya tuta, kofia mkononi.

"Mama, nimekuja kuomba."

"Omba."

"Tunaomba jina la dada."

Katika ukoo wetu jina la aliyekufa haliokotwi tu njiani. Huombwa kwa aliyemzaa, naye ndiye hutoa au hunyima, na akinyima basi. Nikaendelea kulima.

"Majina yameisha duniani?"

"Hayajaisha. Tunalitaka hilo."

"Hilo nimelizika."

"Lakini, mama..."

"Ipyana, uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Na mimi sasa si mzazi?"

Hapo alinishika pabaya, na mimi nikishikwa pabaya huwa mkali. Nikatupa jembe. Nikamwambia, "Ukimwita mwanao Atupele, mkeo ataitwa nani? Ataitwa Mama Atupele. Mama Atupele ni mimi! Kijiji hiki kina Mama Atupele mmoja, na bado hajafa!"

Sikujua kama neno hilo lilikuwa ndani yangu mpaka liliponitoka. Tangu nilipojifungua binti yule, jina langu la usichana lilisahaulika. Sokoni, kanisani, kisimani, nilikuwa Mama Atupele. Tulipotoka makaburini watu wakaanza kuniita Mama Ipyana, mpaka baba yao naye. Walifikiri wananipunguzia maumivu, na mimi niliitika kwa adabu, lakini kila nilipoitika nilihisi nimevuliwa kitu mbele za watu. Basi lile jina nikalificha moyoni, pasipo mtu wa kuligusa. Leo nilitoe nimvishe Sekela, msichana wa juzi, apite nalo sokoni?

Ipyana akavaa kofia yake. Hakunipandishia sauti, mwanangu huyu akiumia hunyamaza.

"Jumapili tutampa jina lingine," alisema. "Lakini sijui kama nitaweza kumleta hapa, mama. Kila utakapombeba utakumbuka kwamba ulimnyima, na yeye atakua akilijua hilo."

Akaondoka kupitia migombani. Mimi nikaokota jembe nikapandisha udongo mpaka jua likaisha. Hiyo ndiyo siku niliyolala bila kunawa.

Ndotoni sikuona mlango wala njia. Nilikuwa tu nimesimama nyuma ya nyumba, asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye magoti, na mtu ameinama pale kwenye maua, amenipa mgongo. Alikuwa na kisu cha jikoni. Alishika majani fungu moja, akayakata juu kwa mshazari, huku na huku, yakabaki mafupi yamekaa kama kipepeo cha kupulizia moto. Halafu fungu lingine. Sikuuliza ni nani. Mama hamtambui mwanawe kwa uso peke yake. Niliitazama ile shingo, na kishimo kidogo kisogoni nilichokuwa nakipaka mafuta alipokuwa mchanga, nikajua.

Alivaa sweta lake la kijani la Njombe. Miguu ilikuwa mitupu kwenye umande. Nami, badala ya kuogopa, badala hata ya kulia, nikasikia hasira ya mama ikinipanda.

"Atupele, utashikwa na kifua."

Hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma na mzigo wa majani yaliyokatwa. "Nishikie haya, mama."

Nikayapokea. Yalikuwa mengi kuliko yanavyoweza kutoka kwenye tuta lile, ananipa na mimi napokea, yenye madoa ya kahawia na yaliyonyauka, mpaka yamenifika kidevuni. "Hayo usiyaache yakaoza shingoni pao," anasema. "Yapeleke mbali." Nageuka ili niyapeleke mbali, na majani mikononi mwangu ni kanga, kanga zilizokunjwa, na mimi nimo ndani ya nyumba.

Nyumba imejaa wanawake. Wamekaa kwenye mikeka wamenyoosha miguu, kama siku ile tulipomrudisha. Sijui ni msiba au ni uzazi, na hakuna anayeniambia. Chumba cha ndani mtoto analia. Analia kile kilio cha mtoto aliyeamka akakuta hayupo mtu.

"Mwiteni anyamaze," anasema mmoja.

Kila mmoja anafungua mdomo. Nawaona, wote, midomo wazi, na hakuna sauti inayotoka, kwa sababu hawana la kumwita. Sekela yumo kati yao, maziwa yamemlowanisha gauni kifuani. Ananitazama. Hana hasira na mimi, na hilo ndilo linaloniumiza. Ananingoja tu, kama mtu aliyefika mapema kwa watu akaambiwa subiri barazani. Natazama mikono yangu, ina udongo mpaka kwenye viwiko. Kilio kinaanza kwenda mbali. Kinateremka bondeni, kinapungua, na mimi nashika mlango nakimbia, nasema moyoni, kikifika mtoni sitakisikia tena.

Nakimbia na nimefika palepale kwenye tuta. Atupele amepiga magoti, anafukua kwa mikono. Kilio kinatoka chini.

Nilipiga magoti kando yake. Nilikwangua udongo kama kuku, nikirusha huku na huku.

"Taratibu," alisema.

Nikapunguza. Tukaondoa pamoja konzi kwa konzi ule udongo wote niliopandisha, wa jana na wa miaka yote, na haukuisha upesi. Chini mizizi ikatokeza. Mingine ilikuwa laini, inabonyea kidoleni, ina harufu ya kitu kilichokaa na maji. Nikaona haya mbele ya mwanangu.

"Mama, umeyafukia mno."

"Nilikuwa nayafunika," nikasema. "Mvua inayavua nguo. Baridi yote hii."

"Najua."

Ukungu ulikuwa umeanza kunyanyuka, na sehemu ya ardhi ikawa na mwanga.

"Haya si viazi," alisema. "Mgongo wao unataka jua."

Halafu alishika shina zima kwa mikono miwili akaling'oa, akalivunja. Nilisikia lilivyolia, ko. Nikapiga kelele kwamba analiua. Akanionyesha. Katikati palikuwa na kipande kikubwa, kikavu, kimekunjamana, ndani kina uwazi. Pembeni yake, kila upande, vilikuwa vimeshikana vipande vidogo, vigumu, vyenye ncha ya kijani.

"Hili la katikati limeshachanua, mama. Halichanui mara mbili. Wanaochanua ni hawa wa pembeni."

Aliyasema bila huzuni, kama anavyosema mwalimu jambo lililo wazi ubaoni. Akalirusha lile la katikati kwenye majani ya kutupwa. Mkono wangu ulinyooka wenyewe kulifuata. Akanishika kifundo cha mkono, akanizuia, na kiganja chake kilikuwa na joto. Miaka mitatu nimekuwa nikikumbuka mkono wake wa mwisho, ule wa baridi niliougusa kwenye sanduku, na sasa mkono ni huu, una joto, una udongo kama wangu. Nililia hapo. Nililia kwa sauti, sikujali.

Anaponiachia, ananiwekea viganjani kipande kimoja kidogo cha pembeni. Ni kizito kuliko kinavyoonekana. Kinazidi kuwa kizito. Kinapumua. Naangalia na nimembeba mtoto, ana matope kwenye paji la uso, amenyamaza, macho wazi, ananikodolea kama vichanga wanavyomkodolea mtu, bila aibu.

"Anaitwa nani?" Atupele ananiuliza.

Namkumbatia mtoto.

"Mama. Anaitwa nani?"

Natikisa kichwa.

"Mpe langu," anasema. "Mimi huku silitumii."

Basi nikamwambia lile ambalo sikumwambia mtu mwingine, wala mchungaji, wala baba yao, lile nililomfokea Ipyana nusu yake tu. Nikasema, "Na mimi je? Nikilitoa, mimi nitakuwa nani?"

Alikuwa anafuta kisu kwenye sweta, jambo nililomkataza tangu akiwa mdogo na hakuwahi kunisikia. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa yeye. Hakuwa malaika, hakuwa na nuru yoyote. Alikuwa Atupele, na jicho lake la kushoto dogo kidogo kuliko la kulia.

"Kwani si wewe uliyenizaa?" anasema. "Hilo nani atakunyang'anya?"

Akachukua kipande kingine akakipanda. Alisawazisha kilima kidogo cha udongo, akakikalisha juu yake, akateremsha mizizi midogo kulia na kushoto kama mtu anayemkalisha mtoto juu ya punda, akaifunika hiyo tu, akakandamiza. Mgongo akauacha nje. Kisha akasimama, akapangusa magoti, akashika njia ya barabarani kama anayewahi basi la Njombe. Nilitaka kumwambia angoje nimfungie viazi kidogo, maana kwangu hakuna mtoto anayeondoka mikono mitupu. Nilikuwa nimembeba yule mwingine, sikuweza kuinama. Ukungu ukamchukua kuanzia miguuni.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mto ulikuwa umelowa, na koo limenikauka kama mtu aliyeimba msibani. Baba yao alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ambacho mimi ndiye huwa nampelekea, si yeye.

"Umelia usingizini," alisema.

"Nimelia."

"Na umemwita."

"Nimemwita nani?"

Akatazama chai. "Unajua ni nani."

Nikaketi. Nikakumbuka kwamba tangu makaburini sijamsikia mzee huyu akilitamka. Nilifikiri ni ugumu wa wanaume, kumbe alikuwa ananingoja mimi, na mimi nimekaa juu ya jina kama kuku juu ya mayai viza.

"Mtaje," nikamwambia.

"Mama Ipyana..."

"Baba, mtaje mwanao."

"Atupele," alisema. Chai ikamwagika kwenye sahani. Akaja akakaa kitandani kando yangu, akalirudia polepole, na akalirudia tena, na mimi nikamwacha mpaka akatosheka. Kisha nikaomba simu.

Ipyana alipokea upesi. Nadhani naye hakulala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto ameamkaje?"

"Hajambo. Ananyonya."

"Anaitwa nani?"

Nilisikia kuku wa kwao, na mlango ukigongwa na upepo.

"Mama, tulishaongea jana. Tafadhali."

"Jana nimeongea mimi. Leo ameongea mwenye jina. Mtoto anaitwa Atupele, Ipyana. Jumapili mchungaji aandike hivyo, na mkitoka kanisani mmlete hapa nimbebe."

Nilimsikia anapumua kwa nguvu, kama alipokuwa mdogo ameanguka na hataki kulia mbele ya dada yake. Halafu akaiondoa simu mdomoni na kuita ndani ya nyumba yake kwa sauti kubwa, sauti iliyokuwa imebanwa muda mrefu.

"Mama Atupele! Mama Atupele, njoo usikie!"

"Abee," nikaitika.

Nilikuwa nimeitika kabla sijafikiri, kwa mazoea ya maisha yangu yote. Na huko ng'ambo ya bonde, kwa sauti ndogo isiyo na hakika, nikamsikia Sekela naye akiitika, "Abee."